Uzi: Skana ya ofisi Mtwara mjini, ya kioo au ya kuvuta karatasi? Stakabadhi 7,000 zinanisubiri

#1 Karani wa Mkanaledi
Wakuu, habari. Ofisi ya watu watatu, Mtwara mjini. Kazi iliyopo ni kuingiza kwenye kompyuta makaratasi ya misimu minne ya korosho. Nimepima rundo kwa rula (sentimita moja ni kama karatasi 100), nikapata karibu 7,000. Humo kuna stakabadhi za NCR (zile karatasi za kujinakili) nyeupe, pinki na njano, risiti za EFD (za mashine ya kodi), barua za A4 zenye mihuri, na madaftari sita ya kaunta yaliyoshonwa ambayo hayaruhusiwi kuchanwa. Kompyuta moja, Windows 11. Umeme mnaujua wenyewe.

Nimeona skana ya kioo, Canon LiDE 400, na nimeona hizi za ADF zinazovuta karatasi zenyewe. Bei zake mbingu na ardhi. Ninunue ipi? Na tafadhali asije mtu kuniambia "inategemea".

#2 Ming'oko
Inategemea.

#3 PwezaMkavu
Usinunue chochote. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha, pakua Adobe Scan, piga, toa PDF. Hela iliyobaki nunua gunia la korosho ubangue.

#4 Fundi wa Bima
PwezaMkavu, simu inatosha kwa karatasi kumi. Hapa tunazungumzia elfu saba.

A4 ina upana wa inchi 8.27 na urefu wa inchi 11.69. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ambayo ndiyo OCR, yaani programu ya kusoma maandishi kwenye picha, inapenda, unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani milioni 8.7. Kamera ya megapikseli 12 ina 3,000 kwa 4,000, kwa hiyo kwenye maandishi ya tangazo inashinda. Mezani haishindi. Ukiacha ukingo wa inchi mbili kila upande wa karatasi umeshuka hadi 250 hivi, pembe za picha ni laini kuliko katikati, kivuli cha mkono wako kimekaa kwenye tarakimu, na stakabadhi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa mkulima hakuna kinachoinyoosha. Kwenye skana, kifuniko kinaibana.

Sasa muda. LiDE 400 inasoma A4 ya rangi kwa dpi 300 ndani ya sekunde 8. Inua kifuniko, toa, weka, nyoosha kwenye kona, funga, bonyeza: sekunde 25 kwa mtu mwepesi. Mara 7,000 ni karibu saa 49 za mikono tupu, upande mmoja tu. ADF ya kurasa 35 kwa dakika inamaliza mzigo huo kwa saa tatu na dakika ishirini, na pande zote mbili kwa mpigo mmoja.

Ila hizo saa tatu ni za mashine. Kung'oa pini za stepla, kunyoosha pembe na kupanga kwa ukubwa kutakula siku kadhaa, na hapo hakuna mashine ya kukusaidia. Nunua ADF, madaftari tafuta njia nyingine.

#5 Binti Mikindani
Karani, kipimo chako cha rula ni cha karatasi ya gramu 80, ambayo unene wake ni kama milimita 0.1. NCR nyingi ni gramu 50 na kitu, nyembamba zaidi. Kama rundo lako lina NCR nyingi, hiyo 7,000 huenda ni 9,000. Hesabu sentimita moja ya NCR kwa mkono kabla hujapiga bajeti.

#6 Karani wa Mkanaledi
@Binti Mikindani nimehesabu sasa hivi. Sentimita moja, karatasi 131. Asante, umeniharibia jioni.

#7 Newala Juu
Mimi natetea kioo. LiDE 400 ni dpi 4,800. Hizo ADF mnazosifia zinaishia 600. Ubora mara nane, sasa mnakimbilia nini?

#8 Fundi wa Bima
@Newala Juu, 4,800 weka kwenye A4 nzima uone. Pikseli 39,696 kwa 56,112, hiyo ni bilioni 2.2. Kila pikseli ya rangi ni baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja kabla ya kubanwa ni karibu GB 6.7. Ukurasa MMOJA. Hiyo 4,800 ni ya kukuza kitu kidogo kama picha ya pasipoti. Kwa maandishi, 200 inasomeka, 300 ni ya OCR, 400 kwa herufi za chini ya pointi 8, na 600 kwa picha au ramani. Ukipanda mara mbili, faili inapanda mara nne.

Na ukisoma boksi tafuta neno "optical". Namba kubwa nyingine iliyoandikwa pembeni mara nyingi ni ya kukisia: programu inajaza pikseli katikati ya zile zilizosomwa. Haiongezi herufi ambayo sensa haikuiona.

#9 Newala Juu
Sawa, 4,800 nimeifuta. Kioo bado sijakifuta.

#10 Mtunza Kumbukumbu
Newala Juu yuko sahihi kwa sababu ambayo hakuitaja. Yale madaftari sita hayaingii kwenye ADF yoyote. Lakini na kioo chenyewe kina aina mbili, na LiDE si ile inayofaa kwa daftari lililoshonwa.

LiDE zinatumia sensa ya CIS. Mstari wa sensa una urefu sawa na upana wa karatasi, umekaa karibu kabisa chini ya kioo, na taa yake ni LED. Ndiyo maana ni nyembamba na inakula umeme wa waya wa USB peke yake. Tatizo ni kwamba CIS inaona vizuri kile kilichogusa kioo tu. Karibu na mshono wa daftari karatasi inapanda milimita nne au tano, na hapo maandishi yanakuwa ukungu na kivuli cheusi. Ukikandamiza unavunja mgongo wa daftari.

CCD ni mtindo wa zamani zaidi: taa, vioo, lenzi, sensa ndogo. Epson Perfection V600 ni ya namna hiyo. Ni nene, nzito, inataka umeme wa ukutani, lakini kina chake cha kuona ni kikubwa, kwa hiyo ule mpindo wa mshono bado unasomeka. Njia ya tatu ni skana ya kuchungulia kutoka juu kama ScanSnap SV600, daftari linakaa wazi mezani bila kugeuzwa. Ya nne ndiyo ile simu ya PwezaMkavu, ila iwe kwenye stendi, taa mbili pembeni kwa nyuzi 45, na daftari lifunguliwe nyuzi 100 au 120 badala ya kulazwa bapa. Piga kurasa zote za kulia kwanza, kisha zote za kushoto.

Madaftari sita si mengi. Simu na stendi vinatosha.

#11 PwezaMkavu
Nimeshinda nusu. Naomba iandikwe.

#12 Karani wa Mkanaledi
Imeandikwa. Basi tuseme ADF. Nimeona majina matatu: ScanSnap iX1600, Epson DS-530, na Fujitsu fi-7160 iliyotumika. Tofauti?

#13 Mzee wa Rola
iX1600 ni kurasa 40 kwa dakika, trei ya karatasi 50. DS-530 ni 35, trei 50. fi-7160 ni 60, trei 80, na inakubali karatasi kuanzia gramu 27 hadi 413 kwa mita ya mraba, kwa hiyo NCR yako nyembamba na kadi ngumu zote inazimeza. Zote tatu zinasoma pande mbili kwa pito moja kwa sababu ndani kuna sensa mbili, ya juu na ya chini. Ukiona tangazo limeandika "ipm 80", hizo ni picha kwa dakika, si karatasi. Gawa kwa mbili.

Tofauti yenyewe haipo kwenye kasi. ScanSnap haina TWAIN, ile lugha ambayo programu nyingine zinaitia skana. Inafanya kazi na programu yake tu. Kama mfumo wenu wa uhasibu una kitufe cha kuita skana moja kwa moja, utabonyeza na skana haitaonekana kwenye orodha. fi-7160 ina TWAIN na ISIS (lugha nyingine ya namna hiyo), DS-530 ina TWAIN, kwa hiyo hata NAPS2, programu ya bure ya kuskani, inaziita. ScanSnap unaskani kwanza kwenye folda, ndipo unapandisha faili. Wengine wanapenda hivyo, mtoto wa darasa la saba anaiweza.

#14 Kivinje Kwetu
Nyongeza ndogo, Fujitsu si Fujitsu tena. Kampuni iliyokuwa inatengeneza hizo skana ni PFU, na Ricoh walinunua hisa nyingi za PFU mwaka 2022. Tangu 2023 zinatoka na jina la Ricoh. Kwa hiyo Karani ukitafuta draiva ya fi-7160, usishangae kupelekwa kwenye ukurasa wa Ricoh. Si matapeli.

#15 Karani wa Mkanaledi
Hilo lilikuwa linanitia wasiwasi kweli. Asante.

#16 Msimbati
Mbona hakuna anayetaja mashine za tatu kwa moja? Prinsha, kopi, skana. Unapata vyote kwa bei ya kimoja.

#17 Fundi wa Bima
Kwa sababu skana ya humo ni mgeni mwalikwa. Epson L3250 ina kioo tu, ADF haina. L5290 ina ADF ya karatasi 30, lakini inasoma upande mmoja, ukitaka nyuma unageuza rundo na kuomba mpangilio usivurugike. Na baadhi ya mashine za aina hiyo zikikwama upande wa kuchapa (wino umeisha, karatasi imenasa) zinagoma na kuskani pia, hata kama kuskani hakuhitaji wino hata tone. Kwa kopi ya kitambulisho ni nzuri. Kwa karatasi 9,000 hapana.

#18 Lindi Mjini
Samahani nadandia uzi. Tunayo ADF, chapa siitaji nisije nikaanzisha vita. Ikifika masika inavuta karatasi mbili mbili. Kiangazi kidogo inatulia. Sababu ni nini? Karani ajue kabla hajatoa hela.

#19 Kivinje Kwetu
Unyevu. Mmejibu wenyewe. Karatasi inakunywa hewa ya bahari, inalegea, pembe zinajikunja, zinagandana. Weka makaratasi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa usiku kucha, asubuhi pepea rundo mara tatu upande wa kuingilia, ligonge mezani, ndipo uweke.

#20 Newala Juu
Huku juu hakuna bahari na zinavuta mbili mbili vilevile.

#21 Kivinje Kwetu
Huko kuna ukungu, mkuu. Maji ni maji.

#22 Mzee wa Rola
Unyevu unasingiziwa sana. Elewa kwanza mashine inatenganishaje karatasi. Kuna rola ya kuvuta inayosukuma karatasi ndani, na mkabala wake kuna rola ya breki (kwenye mashine za bei ndogo ni pedi ya mpira tu). Breki kazi yake ni kumshika yule wa pili abaki nyuma. Inafanikiwa kwa sababu mpira unang'ang'ania karatasi kuliko karatasi inavyong'ang'ania karatasi mwenzake. Mpira ukishakuwa laini na kung'aa kama soli ya kandambili ya zamani, breki haishiki, wanaingia wawili.

Lindi Mjini, fungua kifuniko, pitisha kidole kwenye rola. Mpira mzima unahisi kama ulimi wa paka, una ukwaruzo. Uliochoka unateleza. Kwa fi-7160 muda wa rola ni karatasi 200,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Huo mwaka mmoja ndio watu wanaupuuza: mpira unazeeka hata mashine ikiwa imekaa tu, na joto la huku haliusaidii. Kwenye programu ya mashine kuna kihesabio cha rola. Kwa mashine iliyotumika, hicho ndicho cha kwanza kuangalia, kabla ya rangi ya boksi. Na kumbuka muuzaji anaweza kukirudisha sifuri bila kubadilisha rola. Ndiyo maana nasema kidole.

#23 Binti Mikindani
Mzee wa Rola, nakubali mpira, lakini sikubali kwamba ni uzee. Mwenye uzi ana NCR. NCR inajinakili kwa kemikali, vidonge vidogo vya wino usio na rangi mgongoni mwa karatasi ya juu na udongo maalumu usoni mwa karatasi ya chini. Zikipita kwenye rola, vidonge vinapasuka na ule unga unabaki kwenye mpira. Rola mpya kabisa inaweza kuanza kuteleza baada ya mafungu machache. Vitabu vya maelekezo vinaonya kabisa kuhusu karatasi hizi. Kwa karatasi za kawaida safisha rola kila baada ya karatasi 1,000, kwa NCR mimi naweka kila 250, yaani kila baada ya trei tano za karatasi 50.

Na msimu wa mvua umeingiaje? Msimu wa korosho unaanza Oktoba, makaratasi yanarundikana, wahasibu wanaskani Januari hadi Machi. Lindi Mjini, masika ndiyo mnaskani NCR nyingi zaidi. Si hewa.

#24 Lindi Mjini
Hmm. Kweli Machi tunafunga hesabu.

#25 Kivinje Kwetu
Na Machi hewa ina unyevu. Tumerudi palepale.

#26 Mtunza Kumbukumbu
Kuna uwezekano wa tatu: haivuti mbili, INADHANI imevuta mbili. Mashine za daraja hili zina sensa ya sauti, inarusha mawimbi yasiyosikika kupitia karatasi. Karatasi mbili zina hewa katikati, wimbi linapungua nguvu, mashine inasimama. Sasa stempu ya ushuru iliyobandikwa, picha ndogo ya pasipoti, kipande cha selotepu, karatasi iliyounganishwa kwa gundi: vyote hivyo vinaonekana kama karatasi mbili. Mtu anaandika "skana mbovu" kumbe imekutana na stempu.

Jipimie. Hesabu karatasi 100 kwa mkono, pitisha, kisha hesabu picha. Zikiwa pungufu, inavuta mbili kweli. Zikiwa kamili na bado inasimamasimama, ni sensa. Ipunguzie ukali au iambie ipuuze eneo la stempu.

#27 Msimbati
Kwa nini hakuna anayesema matundu? Stakabadhi zikichanwa kitabuni zinabaki na meno ya perforesheni upande mmoja, meno yanashikana. Zigeuze, meno yawe nyuma, upande laini utangulie.

#28 Mzee wa Rola
@Msimbati hili sikulifikiria. Linaingia akilini.

#29 PwezaMkavu
Simu haivuti mbili.

#30 Fundi wa Bima
Simu inasahau moja. Ni ubaya uleule.

Kuhusu kusafisha: kitambaa laini cha miwani, aisopropili, pangusa rola huku unaizungusha kwa kidole, subiri ikauke. Usitumie petroli wala thina, mpira unavimba na kupasuka. Usipulize dawa moja kwa moja kwenye kioo, inapenya kwenye ukingo na kuacha doa kwa ndani ambalo hulifikii bila kufungua skurubu.

#31 Binti Mikindani
Spiriti ya duka la dawa je? Ndiyo inayopatikana kirahisi. Nyingi imechanganywa vitu vingine, inaacha utando.

#32 Fundi wa Bima
Kwa kioo naikataa, kwa rola navumilia. Wengine watapinga.

#33 Mzee wa Rola
Napinga.

#34 Karani wa Mkanaledi
Turudi kwenye karatasi zangu. Pinki na njano zikiskaniwa nyeusi-na-nyeupe zinatoka kama zimemwagiwa masizi. Kijivu zinafifia. Rangi faili inakuwa kubwa. Nifanyeje?

#35 Mtunza Kumbukumbu
Tafuta kwenye draiva mpangilio wa kudondosha rangi, chagua nyekundu. Maana yake skana inasoma kwa mwanga mwekundu pekee. Kwa mwanga huo karatasi ya pinki inaonekana nyeupe, ya njano nayo nyeupe, na peni ya bluu inabaki nyeusi ti. Ni dawa nzuri ajabu kwa NCR.

LAKINI muhuri mwekundu nao unatoweka kabisa, kama haujawahi kugongwa. Stakabadhi yenye muhuri mwekundu ikitoka bila muhuri, mkaguzi atakuuliza maswali mabaya. Kwa hiyo tenga: za muhuri mwekundu zipite kwa rangi, zilizobaki kwa kijivu huku ukidondosha nyekundu. Muhuri wa zambarau angalia kwanza kwenye karatasi mbili tatu, inategemea wino umeelemea bluu au wekundu.

Ukubwa usikutishe. A4 ya rangi dpi 300 ghafi ni MB 26, ikibanwa kwa JPEG ndani ya PDF inashuka mara nyingi chini ya MB moja. Karatasi 9,000 zinaenea kwenye fleshi ya GB 16. Wanaohitaji kubana zaidi ni wanaopandisha kwenye mifumo ya mtandaoni yenye kikomo, na kwa hizo toa nakala ndogo pembeni, usiharibu ile kubwa.

#36 Ming'oko
Mimi huwa nabana mpaka KB 40. Inasomeka.

#37 Mtunza Kumbukumbu
Inasomeka, swali ni inasomeka NINI. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kuwa mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Aliskani ramani ya nyumba, vyumba vitatu vya ukubwa tofauti, 14.13, 21.11 na 17.42, vyote vikatoka vimeandikwa 14.13. Hakuna ukungu, hakuna doa, tarakimu safi kabisa ila si zenyewe. Chanzo kilikuwa ubanaji wa JBIG2: ili kupunguza ukubwa, mashine inatafuta alama zinazofanana ndani ya ukurasa, inahifadhi moja na kuirudiarudia. 6 ikifanana kidogo na 8, inapachikwa 8.

Wekeni hilo kwenye stakabadhi ya korosho. Kilo 68 zikageuka 88. Karatasi mbovu ingekuonya kwa ubovu wake, hii inatabasamu. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mizani zima JBIG2 yenye upotevu, tumia JPEG ya kawaida, au CCITT G4 kwa nyeusi-na-nyeupe. G4 haipotezi kitu.

#38 Ming'oko
Ninafungua KB 40 zangu sasa hivi. Mungu nisaidie.

#39 Newala Juu
Hilo la 2013 lilishatengenezwa, Xerox walitoa sasisho. Tusitishane.

#40 Mtunza Kumbukumbu
Walitoa, ndiyo. Lakini mtindo wenyewe wa ubanaji haukufa, programu nyingine bado zinautoa kama chaguo. Angalia jina la ubanaji kabla ya kubonyeza.

#41 Kivinje Kwetu
OCR inasoma Kiswahili?

#42 Fundi wa Bima
Tesseract, programu ya bure ya OCR, ina data ya Kiswahili, faili yake inaitwa swa. NAPS2 inaitumia, unapakua lugha ndani ya programu yenyewe. Weka Kiswahili na Kiingereza pamoja kwa sababu stakabadhi zetu zimechanganya. Usitegemee ikusomee mwandiko wa karani wa ghala, hiyo inasoma chapa tu. Namba ya stakabadhi ikiwa imechapwa, hiyo inatosha kutafutia.

Majina ya faili anza na mwaka: 2023-11-08_ghala_namba. Ukianza na siku, kompyuta itakupangia tarehe moja za miezi yote pamoja.

#43 Binti Mikindani
Risiti za EFD zitangulie kabla ya kila kitu. Ni karatasi ya joto, zinafifia zenyewe, na zikikaa kwenye faili la plastiki zinafifia haraka zaidi. Ikishafifia weka dpi 300 kijivu, ongeza kontrasti kwenye programu. Usiipashe moto kama wanavyoshauri mitandaoni, itageuka nyeusi yote. Ndefu ziwekee mpangilio wa karatasi ndefu, la sivyo zinakatwa mwishoni, na mwishoni ndiko kuna msimbo wa kuhakiki.

#44 Msimbati
Na vitambulisho vya wakulima mkiskani, kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Msiache folda wazi kwenye kompyuta ya steshenari.

#45 Karani wa Mkanaledi
Kompyuta ni yetu, ila nimekuelewa. Umeme je? Ukikatika katikati?

#46 Fundi wa Bima
Hapo LiDE ina raha yake: inakula USB, kwa hiyo laptop ikiwa na chaji kazi inaendelea. Ila chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake, itakohoa katikati ya ukurasa. ADF ina adapta, na adapta nyingi ni volti 100 hadi 240, umeme mdogo si adui. Adui ni ule unaorudi kwa kishindo. UPS ndogo (betri ya akiba) inatosha. Skani mafungu ya 50 na uhifadhi kila fungu, ukikatika unapoteza fungu moja.

#47 Binti Mikindani
Karani, kabla hujalipa chukua karatasi 60 ZAKO: NCR 30 za rangi zote, risiti mbili, barua yenye muhuri, moja iliyokunjika vibaya, moja yenye stempu. Zipitishe dukani mbele ya muuzaji. Kama duka liko Kariakoo, mtume mtu na bahasha hiyohiyo. Muuzaji atakuwekea karatasi mpya kutoka kwenye rimu. Zikatae, hizo hata prinsha ya kuchezea inazivuta. Halafu uliza bei ya seti ya rola kabla ya bei ya mashine. Kama hana rola, hujanunua skana, umenunua boksi.

#48 Karani wa Mkanaledi
Bahasha naiandaa leo. Naelekea fi iliyotumika kwa ajili ya TWAIN, kama rola zinapatikana. Zisipopatikana, DS-530.

#49 Newala Juu
Na kioo?

#50 Karani wa Mkanaledi
Kioo mkuu tutakutafutia kipande ukitundike ukutani.

#51 Lindi Mjini
Nimerudi. Nimefanya jaribio la Mtunza Kumbukumbu. Karatasi 100, picha 97. Kwa hiyo inavuta mbili kweli. Nikasafisha rola kama alivyosema Fundi, nikarudia: 99. Nikageuza meno nyuma kama Msimbati: 100. Nikarudia bila kugeuza: 100 pia. Leo mvua hakuna.

#52 Kivinje Kwetu
Mvua hakuna. Nimesema nini mimi?

#53 Mzee wa Rola
Kihesabio cha rola kinasoma ngapi?

#54 Lindi Mjini
184,000. Na sasa kumetokea jipya: mstari mwembamba mweusi wima kwenye kila ukurasa, sentimita sita kutoka kushoto. Ulikuwa haupo kabla sijasafisha.

#55 Fundi wa Bima
Huo ni uchafu uliouhamisha wewe kwa kitambaa. Kwenye ADF karatasi ndiyo inayotembea na sensa imesimama, kwa hiyo punje moja iliyoganda kwenye ule ukanda mwembamba wa kioo inachora mstari ukurasa mzima. Pima sentimita sita kwenye ukanda, mulika kwa tochi ya simu kwa kuinamisha. Mara nyingi ni kipele cha Tipeksi kilichokauka, kidogo kama punje ya sukari. Kitambaa hakikitoi, kwangua kwa ukucha, si kwa wembe. Usipokiona, angalia kioo cha upande wa pili, maana sensa ziko mbili na huenda mstari uko kwenye kurasa za nyuma tu.

#56 Lindi Mjini
Uko kurasa zote, mbele na nyuma.

#57 Fundi wa Bima
Mbele na nyuma, sentimita sita zilezile?

#58 Lindi Mjini
Mbele sita kutoka kushoto. Nyuma sita kutoka kulia.

#59 Mzee wa Rola
Basi haupo kwenye kioo. Angalia karatasi zenyewe, rola yako inazipaka.